Mtu wa Mgongoni

Isongole, Rungwe
3 Machi 2025

Mama mdogo Prisca,

Ugonile! Huku kwetu ukimsalimia mtu unamuuliza kama amelala. Wewe kazi yako hospitalini ni kulaza watu kwa sindano, kwa hiyo salamu hii unalipwa mshahara kuiuliza. Mimi mzima, mzuri kama unavyonijua, na pikipiki ina tairi jipya la nyuma. Bibi Tupokigwe anakusalimu. Magoti yanamsumbua ila mdomo hauna shida. Baba mdogo Jacob alipita Jumamosi na Fuso lake la viazi, akasema wewe mke wake umemkumbuka sana, halafu akala ndizi zetu zote akaondoka. Mwanao Atuganile ameng'oka jino la mbele. Sasa kila akisema "sisi" anapiga mluzi, na mbwa anakuja.

Naandika kwa kalamu kwa sababu uliniagiza, ati mkono wa mtu aliyeishia kidato cha pili unaota kutu. Sawa. Lakini pia simu yangu bado iko kwa fundi tangu izame dimbwini, na simu ya nyumbani anaishika babu mwenyewe. Ukipiga akapokea yeye, wote wawili mnanyamaza mpaka salio linaisha. Juzi nilimkuta ameiweka sikioni muda mrefu. Nikamuuliza, "Babu, nani huyo?" Akasema, "Hakuna mtu." Nikajua ni wewe.

Jambo lenu hilo linanichekesha mpaka leo. Najua ni mila: mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawaitani jina, hawapishani njia moja. Lakini una miaka kumi na moja kwenye ukoo huu! Siku ile umemleta Atuganile, babu kutokeza tu konani, wewe ukarukia shamba la viazi na gauni la kanisani, naye akageukia kwenye mahindi akajifanya anakojoa. Watu wazima wawili, wenye akili zao.

Haya, kubwa zaidi. Lile jarida la chama chenu cha watu wa usingizi limefika. Rajabu wa duka la vitenge pale stendi ndiye aliyelipokea kwenye basi, akalisoma yeye kwanza, akanipa likiwa na doa la chai. Nikalisoma barazani kwa sauti, babu na wazee wenzake wamenizunguka. Kurasa za Kiingereza nilizitafsiri kwa kuangalia picha. Walipenda habari za mashine mpya, wakapenda na ile ya mzee wa miaka sitini na nane aliyepasuliwa ngiri. Ila mnaandika kikavu, mama mdogo, mtu anaweza kusinzia bila dawa. Nikatia chumvi kidogo. Nikasema kila mtu wa usingizi nchi hii ni lazima aandike kila mgonjwa aliyemlaza, kavaa nini na kavuliwa nini, na wanachama wote wanasomeana kila mwezi. Nikasema picha ziko ukurasa wa nyuma ila umechanika. Wazee hoi!

Babu alicheka mpaka tulipofika kwenye ngiri. Hapo akasema miguu inapata baridi, akaingia ndani.

Wako mwenye kipaji,
Obed


Dodoma
19 Machi 2025

Obed,

Ndaga, nashukuru. Mimi sijalala, nimetoka zamu. Huku jua linakausha nguo kabla hujamaliza kuianika, na nimesahau ukungu unafananaje. Mwambie bibi apake magoti ile dawa ya tyubu, asiile. Mwambie Atuganile asitumie mluzi kumwita mbwa kanisani.

Mafunzo yanaendelea vizuri. Mwezi huu tunajifunza kulaza watoto wachanga, ambao mapafu yao ni madogo kuliko kiganja chako. Chama kimepata vile vifaa vya kubana kidole, vinavyokuambia oksijeni inashuka kabla midomo ya mgonjwa haijabadilika rangi. Nimeomba viwili vya kwetu. Tena nimechaguliwa kukusanya habari za wilaya za kusini kwa ajili ya jarida, kwa hiyo ukisikia jambo la maana huko Tukuyu niandikie. La maana, Obed.

Jarida lile si la kusomea barazani. Nilikupa ujifunze kusoma sentensi ndefu, si kutunga.

Umesema kuna mtu aliingia ndani kwa sababu ya baridi. Huyo unayemsema huwa anakaa nje hata mvua ya mawe ikipiga bati. Sijauliza kitu. Nimeandika tu.

Mama yako mdogo,
Prisca


Isongole
14 Aprili 2025

Mama mdogo,

Habari za Pasaka inayokuja? Huku tunaogelea. Barabara ya shambani imekuwa uji, jana nimembeba mwalimu mmoja mpaka Masukulu tukafika pikipiki ikiwa imetubeba nusu njia na sisi tumeibeba nusu. Bibi mzima. Dawa hakuila, alionja tu.

Sasa msikilize mwandishi wako wa Rungwe. Habari za wilaya ni hizi. Hospitali yako ya Tukuyu wanakuulizia mpaka wamenichosha. Dokta Esnath anasema mpaka urudi, kila anayehitaji nusu kaputi anapelekwa Mbeya, na yeye amebaki kupasua majipu. Wamama wanasema wewe ukimchoma mtu sindano unamwimbia. Mimi sikuwaambia sauti yako ikoje.

Halafu kuna swali la msomaji. Kuna mzee mmoja wa Lupepo, simtaji, hata ukinichapa simtaji maana nimeapishwa nikiwa nimeshika Biblia na jembe kwa pamoja. Huyu mzee wa Lupepo ana uvimbe hapa kwenye kinena. Akilala unarudi ndani, akikohoa unatoka kama panya anayechungulia. Ameuficha tangu mwaka juzi. Akinyanyua gunia anauma meno. Nimemwambia aende hospitali, akasema bora afe amevaa suruali.

Anaogopa nini? Si kisu. Anasema watu wa usingizi wana chama chao na wanaandikiana. Atalazwa kama mtoto, atavuliwa, ataropoka, halafu yataandikwa na kusomwa mpaka Dodoma. Sijui nani amemtia maneno hayo.

Mjibu tafadhali. Lakini usinijibu kama unamjibu mtu unayemjua, maana humjui. Ni wa Lupepo.

Obed, mwandishi


Dodoma
27 Aprili 2025

Obed,

Barua yako imekaa kwa Rajabu siku ngapi? Imefika na harufu ya udi. Msalimie, mwambie ya pili aiwahishe.

Hapa wote wazima. Chama kimefanya mkutano wake wa mwaka, watu walitoka kila mkoa. Tumebishana nusu siku juu ya nani abebe simu ya dharura usiku, kisha tukakubaliana vizuri juu ya chakula cha mchana. Daktari mkuu wa idara hapa ameniuliza kama ningependa kubaki Dodoma moja kwa moja. Nimemwambia nitafikiri.

Sasa huyo mzee wa Lupepo. Mwambie maneno haya, usiyatie chumvi hata punje. Uvimbe unaorudi ndani una nafasi ya kusubiri, lakini si nafasi ya kuchezea. Siku utakapotoka ukagoma kurudi, ukauma, akaanza kutapika, hiyo siku hiyo hiyo ni hospitali. Si kesho yake. Utumbo ukinyongwa hauna subira na mila za mtu.

Nani amemtia maneno? Wewe, Obed. Wewe na ukurasa wako uliochanika. Mzee wa kwenye jarida alikubali mwenyewe kuandikwa, hana jina pale, na nguo zake hazikutajwa. Hatuandiki kila mgonjwa. Tukiandika kila mgonjwa tutalaza watu saa ngapi?

Mbeya yuko mwenzetu anaitwa Hafidhi, mpole, mwanaume, hana undugu na mtu yeyote wa Rungwe. Mpeleke huyo mzee kwake.

Halafu nijibu jambo moja. Huyo mzee wa Lupepo ana mkamwana?

Prisca


Isongole
20 Mei 2025

Mama mdogo,

Nimechelewa. Usinikasirikie mimi, ikasirikie mvua, na mimi kidogo. Atuganile ameanza kuota jino jipya, limetoka limekaa upande kama mtu anayechungulia dirishani. Baba mdogo amesema umepata kazi Dodoma, akasema kwa sauti ya mtu aliyemeza kokwa. Mimi sijauliza kitu. Nimeandika tu. Unaona? Hata mimi najua.

Nilimwendea mzee wa Lupepo jioni amekaa anamenya viazi. Mazungumzo yalikuwa hivi.

"Mzee, Mbeya yuko mtu anaitwa Hafidhi."

"Ni wa chama?"

"Ni wa chama, lakini ni mwanaume, na..."

"Kama ni wa chama ni ndugu wa gazeti."

"Ile habari ya gazeti niliongeza, mzee. Haiko hivyo."

"Ulikuwa unadanganya siku ile au unadanganya leo?"

Mama mdogo, swali hilo sikulitegemea. Nikasema, "Siku ile." Akasema, "Siku ile ulikuwa huna unachotaka kwangu. Leo unataka nipande pikipiki. Basi uongo ni wa leo." Nikamwambia ana kichwa kama kinu. Akanirushia kiatu, nikainama, kikampata Atuganile mgongoni.

Ndiyo, Atuganile alikuwa Lupepo. Alikuwa amekwenda kutembea.

Baadaye akaniita. Akasema taratibu, huku anamenya, hanitazami: "Nikishaandikwa, akasoma, siku nikikutana naye njiani nitageukia wapi? Mahindi yatanificha nini tena, kama ameshasoma?"

Nikachukua kisu, nikamenya naye mpaka vikaisha.

Umeuliza kama ana mkamwana. Nimeshika Biblia na jembe, siwezi kujibu. Ila anaye. Mmoja anayemwogopa kuliko wote ni wa usingizi.

Obed


Dodoma
8 Juni 2025

Obed,

Salimia wote. Kazi ya hapa nisiulizwe na mtu kwa sasa, hata kwa sauti ya kokwa.

Jarida jipya liko ndani ya bahasha hii. Fungua ukurasa wa saba, chini kulia. Msomee mzee wa Lupepo akiwa peke yake, bila wazee wenzake. Soma kama ulivyoandikwa. Ukiongeza neno moja nitajua, na nikija Sabasaba nitakuchoma sindano ambayo huihitaji.

Kama uvimbe umegoma kabla ya hapo, achana na jarida. Pikipiki.

P.


Isongole
23 Juni 2025

Mama mdogo,

Baridi imeingia, asubuhi hata jogoo anawika akiwa amejikunyata. Bibi amevaa sweta mbili na koti la babu. Viazi tumeanza kuchimba.

Nimesoma ukurasa wa saba. Neno kwa neno, naapa. Nilisikia kama nimefungwa mikono, maana pale kwenye "mgonjwa huketi" palinitamanisha sana. Nikasoma:

"Mzee mmoja wa Lupepo anauliza kama lazima alazwe ili apasuliwe ngiri. Jibu: si lazima. Ganzi ya mgongoni inatosha. Mgonjwa huketi ameinama, mtoa ganzi hukaa nyuma yake. Miguu na tumbo hufa ganzi, kichwa hubaki macho na ulimi wake mwenyewe. Pazia husimamishwa kifuani. Jarida hili haliandiki habari za mgonjwa bila ruhusa yake, na hakuna mwanachama anayeandika habari za mtu wa nyumbani kwake."

Akasema, "Rudia pale pa nyuma." Nikarudia.

"Huyo anayekaa nyuma anauona uso?"

"Hauoni. Anaona mgongo."

"Anasema na mtu?"

"Anaweza kumpa mtu mwingine maneno, yule akayapeleka."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye akili, babu. Kama mimi."

"Kyala anihurumie." Akamenya kiazi kizima. Kisha akauliza, "Nani ameandika?"

"Hakuna jina."

"Ana adabu, huyo," akasema. "Amejibu bila kuniuliza mimi nani." Akasema atafikiri viazi vikishatoka shambani.

Nimegundua nimeandika "babu" hapo juu. Sifuti, wino ni ghali. Ile ahadi ya jembe imekufa.

Obed


Isongole
21 Julai 2025

Mama mdogo,

Umefika salama Dodoma? Bibi anauliza kama mayai yalivunjika. Babu yuko mzima, kovu limekauka, anakula kama baba mdogo. Nyuzi zilipotolewa alimwambia Dokta Esnath azirudishe, ni mali yake.

Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa upande wa pili wa pazia, kwa hiyo nakupa habari za upande wangu, kama mwandishi.

Sabasaba ile asubuhi babu alinyanyua gunia la viazi nilipogeuka. Nikasikia "aa," nikajua. Uvimbe umetoka mgumu kama ngumi, hautaki kurudi, na jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Akatapika juu ya viazi. Nikasema, "Babu, ile siku ndiyo hii." Akasema nimletee chai. Sikuleta chai, nilileta kitenge cha bibi. Nikampandisha nyuma yangu, bibi akatufunga pamoja kwa kitenge kama mama aliyebeba mtoto, ila mtoto ana ndevu na anatukana. Kutoka Isongole mpaka Tukuyu alinitukana kwa lugha mbili. Pale alipoacha kutukana ndipo nilipoongeza mafuta.

Dokta Esnath akamminya, akasema, "Mbeya ni mbali kwa utumbo huu. Prisca yupo mjini, yuko likizo. Nimpigie?" Wote wakanitazama mimi, na mimi nikamtazama babu. Amelala kwenye benchi, amefumba macho. Akauliza, "Ni yule wa mgongoni?" Nikasema ndiye. Akavuta kitenge cha bibi, akajifunika miguu. Kisha akasema, "Basi aingie kwa nyuma."

Ukaingia kwa mlango wa stoo. Nilikuona umejifunika kofia na barakoa mpaka yamebaki macho, na macho yenyewe umeyaelekeza sakafuni. Ukamchoma akiwa ameinama amenikumbatia mimi. Hakutikisika. Ila kucha zake ziko begani kwangu mpaka leo, alama nne, nitamwonyesha mke wangu nikioa.

Halafu ile kazi ya kupeleka maneno! Mko hatua moja, kati yenu limetundikwa pazia jingine la kitambaa. Unaniambia, "Obed, muulize kama anasikia ubaridi wa pamba." Amesikia kila neno, lakini ananingoja. Nikirudia ndiyo anajibu, "Mwambie kifuani nasikia, tumboni hakuna." Na wewe umesikia, unaningoja! Nimepeleka maneno umbali wa kiganja kimoja kwa muda mrefu kuliko safari ya Mbeya. Nilitaka kudai nauli.

Kisha Dokta Esnath akasema, "Utumbo ni mzima, bado mwekundu," nikatazama. Kosa langu ni hilo tu. Sikuzimia. Niliamua kuketi chini kupumzisha miguu, ile sakafu ni ya ubaridi mzuri.

Nilipoamua kuinuka, mambo yalikuwa yamegeuka. Mlikuwa mnaongea! Bila mimi! Babu anasema, wewe unasema, tena anaeleza mambo ya mbegu. Nimemuuliza mara nyingi mlianzaje. Anasema, "Muulize yeye." Kwa hiyo nakuuliza.

Siku ile unaaga ukasimama nyuma ya nyumba, yeye kwenye kigoda uani. Nilitegemea akimbilie mahindi, japo tumeshavuna. Hakukimbia. Akageuza kigoda, akakupa mgongo, akakaa wima kama anapigwa picha. Ulipoondoka nikamwambia, "Babu, ndiyo nini sasa?" Akasema, "Mgongo anaujua tayari. Uso tutaona."

Obed


Dodoma
3 Agosti 2025

Obed,

Mayai mawili yalivunjika, mwambie bibi mengine tumekula wodi nzima.

Ulizimia. Uliangukia ndoo, ndoo ikaangukia stuli, na Dokta Esnath alikuruka kama gogo njiani. Nesi alikuvuta pembeni kwa miguu. Ndiyo maana shati lako lilikuwa na vumbi mgongoni tu.

Sasa nakueleza, mara moja, halafu usirudie kuuliza. Ganzi ya mgongoni hushusha presha. Inajulikana, na kazi yangu ni kuiwahi. Namba zilianza kushuka, nikafungua dripu, nikachoma dawa, nikasema, "Obed, muulize kama anasikia kizunguzungu." Kimya. Nikasema tena. Nikachungulia kando ya pazia, ndipo nilipoona wewe uko chini, na uso wa mgonjwa umekuwa rangi ya majivu.

Mgonjwa wa namna hiyo ni lazima uongee naye. Na huyu kulikuwa hakuna wa kumpelekea maneno. Jina lake sijawahi kulitamka tangu niolewe, hata kanisani likisomwa nainamisha kichwa. Nikalitamka. Si kwa adabu, kwa sauti ya zamu. "Ackson! Ackson, nisikie!" Mara ya kwanza hakujibu. Ya pili hakujibu. Nikaongeza mwendo wa dripu.

Ya tatu akasema, amefumba macho, "Nani ananiita?"

Nikasema, "Mtu wa mgongoni."

"Wa chama?"

"Wa chama."

Akavuta pumzi ndefu. "Usiniandike."

Nikamwambia, "Sikuandiki, baba. Ila usinyamaze. Niambie chochote." Akafikiri. Akaanza viazi. Mbegu ipi inaoza, ipi inavumilia ukungu, shamba la bonde alilonunua mwaka gani, mwanawe Jacob alivyoangukia shimo la mbolea akiwa mdogo, habari ambayo mume wangu hajawahi kunipa. Presha ikapanda polepole, yuko kwenye viazi. Dokta Esnath ameshona, amefunga, yuko kwenye viazi. Miaka kumi na moja nimeolewa kwa mkulima wa viazi, na nilikuwa sijui kitu.

Ulipoinuka ukasema, "Kuna nini hapa?" Hakuna aliyekujibu kwa sababu hakuna aliyekuhitaji.

Kuhusu kubaki hapa, daktari mkuu anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Sitaliandika kwenye barua inayopitia kwa Rajabu.

Prisca


Isongole
15 Septemba 2025

Mama mdogo,

Salamu zitangulie, zikufikie popote ulipo kati ya Dodoma na basi. Bibi mzima. Atuganile anasoma kwa mluzi. Rajabu anasema hasomi barua za watu, ila ameniuliza kama kweli nilizimia, basi tumalizane hapo.

Jarida limefika. Safari hii babu ndiye aliyenituma kulichukua, tena asubuhi, tena amevaa shati la kola. Akakaa barazani peke yake, wazee wenzake aliwaambia kuna ugonjwa wa kuku. "Soma za wilaya," akasema. Nikasoma. Wilaya moja wamepata mashine, nyingine mwanachama amestaafu na kupewa mbuzi. Nikafika kwetu.

"Rungwe: hali ni shwari, hakuna jipya."

Akasema, "Endelea."

"Imeishia hapo, babu."

"Soma tena."

"Rungwe: hali ni shwari, hakuna jipya."

Mama mdogo, ungemwona! Alikunja uso kama amepunjwa kwenye mizani. "Hakuna jipya? Mtu amefungwa kwa kitenge kwenye pikipiki, amechomwa mgongo, mpeleka maneno ameanguka na ndoo, hakuna jipya?"

"Babu, si wewe uliyemwambia asikuandike?"

"Nilikuwa na ganzi!"

Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Alipoona sinyamazi akaninyang'anya jarida, akalipindua, akaniuliza hizo herufi ndogo chini ya habari zetu zinasema nini. Nilikuwa sijaziona. Nikasoma moyoni: "P., mwakilishi wa wilaya, Tukuyu." Siyo Dodoma. Tukuyu. Nikarudia kwa kidole. Babu akasema, "Nimekuuliza." Nikamwambia. Akapangusa jicho, akasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Halafu akasema, "Chukua kalamu. Mwandikie." Nakuwekea kama alivyosema, sijaongeza kitu, hata kama inaniuma:

"Kwa gazeti. Mzee mmoja wa Lupepo alikuwa na ngiri. Akapelekwa hospitali na mjukuu muoga. Akatibiwa na mtu mwenye adabu na sauti kubwa. Sasa ananyanyua gunia zima." Bibi akapaza sauti kutoka jikoni, "Nusu!" Akasema, "Andika nusu."

Nikamuuliza kama kuna la pembeni, lisilo la gazeti. Akakuna mgongo pale ulipomchoma, halafu akasema:

"Mwambie akifika apite njia ya mbele, asirukie viazi vyangu. Mimi nitakuwa nimegeuka."

Obed,
ambaye hakuzimia